Mama Mkwe Aliponikuta Kifua Wazi

Kuna mambo mwanaume wa Pwani hayafanyi mbele ya mama mkwe. Kukaa kifua wazi ni la kwanza. Mimi nimelifanya karibu mwezi mzima, na mpaka leo nikienda Mingoyo ananipikia.

Ilikuwa mwaka 2018. Mke wangu alipandwa na presha ya ujauzito akiwa wiki ya 32, madaktari wakaamua mtoto atolewe kwa operesheni. Binti, gramu 1,700. Njiti. Wenzangu husimulia raha ya kumwona mtoto wa kwanza. Mimi, kusema kweli, nilisikia woga mtupu.

Hospitali ile ya huku kusini ilikuwa na chupa moja tu, yaani ile mashine ya joto, na ndani walishalala watoto wawili. Usiku huohuo umeme ukakatika. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, anapoa haraka, na akipoa nguvu zote zinakwenda kwenye kutafuta joto badala ya kukua. Nikaanza kupiga simu, nani ana gari, nani anamjua daktari. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, akanitazama weee, halafu akasema: "Baba, vua shati."

Nikadhani ananitania. Kumbe mama ndiye hutangulia, ila mke wangu hakuwa na hali hiyo. Nesi akamwacha mtoto na nepi, kofia na soksi tu, akamlaza wima kifuani kwangu, miguu kama ya chura, kichwa upande, kidevu juu kidogo ili pua isizibe. Akatufunga kwa khanga, ukingo wa juu ukaishia chini ya sikio la mtoto. Baada ya muda nikagusa nyayo zake. Zina joto!

Wanauita mtindo wa kangaruu. Ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, ambaye watoto walikuwa wengi kuliko mashine. Watu huudhania ni dawa ya maskini. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi 5, Tanzania ikiwemo: njiti waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa walikufa pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliosubirishwa kwanza mpaka watengemae. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri ianze hivyo, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Oksijeni na dawa bado vinahitajika, tusidanganyane. Kifua peke yake hakitibu kila kitu.

Asubuhi ya tatu mama mkwe akafika na basi la kwanza, kikapu mkononi. Akafungua pazia.

"Astaghfirullah!" Akageuka, akanipa mgongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hageuki. "Mwanangu yuko hai, halafu mwanaume ndiye analea?"

Niliishiwa pozi. Nivae shati, nimpoze mtoto? Nisivae, nimvunjie heshima mzazi? Mke wangu akajibu akiwa amelala: "Mama, hebu mguse miguu." Bibi wa watu akarudi kinyumenyume, akapeleka mkono nyuma bila kutazama, akaupata unyayo. Akaushika muda mrefu. Halafu akageuka.

Tukapanga zamu: mchana mke wangu, usiku mimi. Maziwa alikamua, tukanywesha kwa kikombe kidogo kila baada ya saa mbili. Asubuhi mizani. Jamani, ile mizani! Siku za kwanza uzito ulishuka, nesi akasema ni kawaida, lakini nani anasikia? Kuna siku zilipanda gramu 10 tu, mke wangu akalia akisema mwili wake umeshindwa mara mbili. Sikuwa na jibu la maana. Nikabeba zamu yake ile ya mchana.

Likizo ya baba kisheria ilikuwa siku 3. Zilizobaki nilizikata kwenye likizo yangu ya mwaka. (Mwaka 2025 sheria ilibadilishwa, mama wa njiti akaongezewa muda. Sisi hatukuuwahi.) Tuliporuhusiwa tukahamia Mingoyo, na joto lile la Lindi, khanga inalowa jasho. Pale njia panda ya Mnazi Mmoja shemeji zangu wakaniuliza chini ya shati nimeficha mihogo ya nani.

Likizo ikaisha, nikarudi kazini Mtwara, nikawa nakuja wikiendi. Nesi alishatuambia: akichoka kubebwa, atasema mwenyewe. Jumamosi moja, binti amekaribia kilo mbili na nusu, akaanza kujinyonganyonga, akatoa mkono nje, akapiga mateke, akalia kwa hasira. Mama mkwe akaja kufungua fundo. Akamtoa mtoto, akaikunja khanga taratibu.

"Haya, baba," akasema, macho yako kwa mjukuu. "Sasa kavae shati."