Nilivyokwenda Kariakoo na mwanangu kutafuta mashine ya gemu

Jumamosi saa mbili asubuhi, mimi na mwanangu Baraka tulikuwa kwenye foleni ya mwendokasi Kimara Mwisho. Ndani ya mkoba wangu, nimezifunga kwenye kipande cha kanga, kulikuwa na Sh650,000. Nilizikusanya kwa miezi saba, nyingi zikiwa zamu yangu ya upatu. Tulikuwa tunakwenda Kariakoo kununua mashine ya gemu, ile ambayo watoto wetu wanaiita PS hata kama si ya kampuni hiyo.

Baba yake yuko Mbeya kikazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alinipigia simu akaniambia, “Mama Baraka, unampa zawadi mtoto aliyetudanganya.” Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba nimeshaamua, tukaagana kwa baridi.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Baraka yuko darasa la sita. Kila siku nilikuwa nampa shilingi elfu moja ya twisheni. Siku moja nilikutana na mwalimu wake sokoni, akaniuliza kama mtoto amepona. Amepona nini? Ndipo nikajua kwamba kwa siku 18 mwanangu hakukanyaga twisheni. Sh18,000 zote ziliishia kwenye kibanda cha gemu kilicho nyuma ya mashine ya kusaga.

Nilikwenda kukiona. Ni banda la mabati, TV tatu, mabenchi mawili, mechi moja Sh500. Ndani kulikuwa na watoto wa shule na vijana wakubwa wamechanganyika, moshi wa sigara, na wengine wakiwekeana fedha juu ya mechi. Mwanangu alikuwa mwisho wa benchi na begi lake la shule mapajani.

Sikukimbilia kununua chochote. Ilipita miezi miwili. Baraka alimwomba mwalimu msamaha, akarudi twisheni, na fedha alizopewa na wajomba zake siku ya sikukuu alinikabidhi mpaka deni likaisha. Lakini kila jioni nilikuwa nachungulia barabarani kuona amepita njia ipi. Nikajiambia, gemu ikiwa ndani ya nyumba, mtoto atakuwa ndani ya nyumba. Kwa kweli nilikuwa nakwenda Kariakoo kununua kufuli.

Njiani

Basi lilijaa tangu Kimara. Tulisimama hadi Ubungo, pale tukapata kiti kimoja, Baraka akasimama mbele yangu ameshika bomba. Tulipofika Jangwani, ambako wengi tunajua ni nyumbani kwa Yanga, nilimuuliza huwa anachezea timu gani kwenye gemu yake.

“Manchester City. Simba na Yanga hazimo, Mama.”

“Hazimo kabisa?”

“Hazimo. Idrisa alizitafuta mpaka muda ukaisha.”

Idrisa ni nani? Akaniambia ni rafiki yake, wanakaa dawati moja. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo. Nilijua namba ya luku yetu kwa kichwa, lakini sikumjua mtoto anayekaa na mwanangu dawati moja mwaka mzima.

Mitaani

Tulishuka Msimbazi. Hapo mtu hatembei, anasukumwa. Mikokoteni, maboksi vichwani, spika za matangazo, na mtu anayekuambia “mama, karibu, nikusaidie nini?” kabla hujavuka barabara. Hao ni mawinga. Winga hana duka. Anakupeleka kwenye duka la mwenzake, na chake kinaongezwa juu ya bei yako. Wapo waungwana wengi, lakini mwenye bajeti ndogo kama mimi ni bora atembee mwenyewe.

Wa kwanza alitung’ang’ania hadi Mtaa wa Aggrey. Akatupeleka duka lenye vioo na kiyoyozi, akaonyesha boksi jeupe la PS5. “Mama, hii ndiyo habari ya mjini. Mtoto atakushukuru hadi chuo kikuu.” Bei aliyotaja ilizidi mara mbili fedha zilizokuwa kwenye kanga yangu. Akasema naweza kulipa nusu na nyingine nimalizie mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata ni wa ada. Nilimwangalia Baraka, macho yake yamegandia kwenye boksi. Nikashukuru, nikamshika mkono, tukatoka.

Duka la pili ndilo lililonifundisha. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo amekaa kwenye stuli, anafungua pedi kwa bisibisi. Baraka akamwamkia, “Shikamoo.” Mzee akaitikia marahaba, akavua miwani, kisha badala ya kuuliza nina shilingi ngapi akaniuliza maswali matatu: TV yenu ni ya namna gani? Intaneti mnatumia ya nini? Mtoto atacheza na nani?

Nikamjibu mawili ya kwanza. TV ni flati ya inchi 32. Intaneti ni bando la simu yangu. La tatu sikulielewa, nikasema, “Atacheza peke yake.” Baraka aliinamisha kichwa.

Mzee akaanza kutupitisha kwenye rafu yake, na mimi nawapitisha wazazi wenzangu kama alivyotupitisha.

PS5 ilitoka mwaka 2020. Ipo yenye mlango wa diski na ipo isiyo nao. Isiyo na mlango ni nafuu kidogo, ila kila gemu lazima uinunue na kuipakua kwa intaneti, na gemu moja kubwa inaweza kula GB 40, 80 au zaidi. Kwa bando la simu, hiyo ni fedha ya kununua diski yenyewe. Xbox Series S ni ndogo, nzuri na nafuu kuliko PS5, lakini nayo haina mlango wa diski. Anayeishi kwenye nyumba yenye intaneti isiyo na kikomo anaweza kuifikiria. Mimi sikuwa mmoja wao.

Nintendo Switch ilitoka mwaka 2017. Ina skrini yake na betri, hivyo umeme ukikatika mtoto anaendelea. Gemu zake zinakaa kwenye vikadi vidogo, na nyingi zinawafaa watoto wadogo. Tatizo, mzee alisema, ni kwamba kwa mitaa yetu ni vigumu kumpata jirani mwenye vikadi hivyo wa kubadilishana naye. Diski za PS zimejaa kila kona.

PS3 iliyotumika ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, na inafanya kazi hata na TV ya chogo. Lakini ni ya mwaka 2006, gemu mpya hazitengenezwi tena kwa ajili yake, na diski zake huwezi kuzihamishia kwenye PS4. Mzee alitutahadharisha pia kuhusu mashine za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani na Japani. Geuza nyuma usome. Ukikuta imeandikwa volti 100 au 120 tu, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku ya kwanza.

Ikabaki PS4. Hii ilitoka mwaka 2013, inataka TV yenye tundu la HDMI, inasoma diski, na siku ukipata uwezo wa kununua PS5 yenye mlango, diski zake karibu zote zitacheza humo. Iliyotumika, bei yake ilikuwa Sh520,000 ikiwa na pedi moja.

Kulikuwa na nyingine pembeni ya bei hiyohiyo, imejazwa gemu 30 ndani. Baraka alichangamka. Mzee akatueleza bila kuficha: hiyo imefunguliwa programu yake ili gemu zinakiliwe bila kulipiwa. Wenyewe hawajaruhusu, ukiiunganisha na intaneti wanaweza kuifungia, na kati ya gemu hizo 30 zipo za watu wazima. Akachukua diski moja akanionyesha namba kwenye kona ya kasha. Namba 3, 7, 12, 16 au 18 ni umri wa chini wa mchezaji. Ya mpira ina namba 3. Ile ya magari na bunduki ambayo watoto wanaijua kwa herufi tatu, GTA, ina 18. Nilikuwa nimeisikia ikitajwa kwenye lile banda, na watoto wa darasa la nne wakiwa wamekaa.

“Ina pedi mbili?”

Nilikuwa nimeshaanza kufungua kanga yangu. Baraka akauliza kwa sauti ya chini, “Baba, haina pedi mbili?”

Mzee akasema pedi ya pili ni Sh60,000. Nikamwambia Baraka asianze tamaa, tumetoka nyumbani kwa sababu ya mashine, si mapambo. Yeye ni mmoja, ya nini pedi mbili?

Akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo alikuwa hajaniambia hata siku niliyomchapa. “Mimi nilikuwa nacheza mechi moja tu, Mama. Mia tano nyingine nilikuwa namlipia Idrisa. Yeye hapewi hela ya twisheni. Anakaa nje mpaka mimi nitoke.”

Siku zile 18 nilikuwa nimezihesabu kwa shilingi tu. Sikuwahi kuuliza zilitumikaje. Alikuwa amekosa, na uongo ni uongo, hilo sikulibadilisha pale dukani na silibadilishi leo. Lakini mashine ya pedi moja ingekaa sebuleni, na mwanangu angerudi kwenye benchi la mabati kwa sababu rafiki yake yuko huko.

Mzee alijifanya anatafuta bisibisi yake. Alipoinua uso akasema, “Pedi mbili kwenye TV moja hazitaki intaneti, mama. Na unawasikia wanachosema.”

Tulipatana Sh560,000 kwa mashine, pedi mbili na diski moja ya mpira ya miaka iliyopita. Kabla sijalipa aliiwasha. Alituambia tusiondoke dukani kwa mtu yeyote na mashine iliyotumika kabla haijacheza dakika 15. Diski iingie na kutoka bila kukwama. Sikiliza feni, ikinguruma kama mashine ya kusaga, iache. Tikisa kidogo waya wa HDMI, picha isikatike. Achia pedi mezani bila kuigusa, na kama mchezaji anatembea mwenyewe, vile vijiti vya pedi vimechoka. Hakikisha akaunti ya mwenye mashine wa zamani imefutwa. Mwisho, chukua risiti yenye namba ya mashine na muda wa garantii. Yeye alituandikia mwezi mmoja. Kisha akaweka namba ya siri ya mzazi, ili gemu zilizozidi umri wa mtoto zisifunguke, akaniambia Baraka ageukie ukutani nilipokuwa naibonyeza.

Nyumbani

Tulirudi na boksi kwenye mfuko wa sandarusi, juu yake nimeweka mchicha ili tusifuatwe. Usiku nilimpigia baba yake, nikamweleza habari ya Idrisa. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, “Basi aje huyo mtoto, tumjue.”

Sheria tulizibandika ukutani. Jumatatu hadi Alhamisi haiwashwi. Ijumaa saa moja, Jumamosi na Jumapili saa mbili mbili, baada ya kazi za shule. Pedi zinalala chumbani kwangu. Mashine kama hiyo inaweza kula karibu uniti moja ya umeme kwa saa saba za kucheza, TV mbali, kwa hiyo hata luku ilikuwa na neno lake kwenye ratiba.

Jumamosi iliyofuata nilihesabu jozi nne za ndala mlangoni. Idrisa ni mtoto mwembamba, mwenye heshima, anayecheka kwa kuziba mdomo. Nilijua siku hiyo kwamba mama yake anauza vitumbua kituoni, na nimekuwa nikivinunua miaka miwili bila kumjua jina. Kelele zilikuwa nyingi, kikombe kimoja kilivunjika, na kuna neno mmoja wao alilisema nikalazimika kuzima TV kwa dakika kumi.

Jioni walipokuwa wanaaga, watatu kati yao walisimama mbele yangu kwa mstari, kila mmoja amenyoosha mkono na sarafu ya Sh500. Walizoea kulipa. Idrisa, ambaye hakuwa na kitu, alikuwa ameinama akiokota vipande vya kikombe vilivyobaki chini ya kochi.

Niliwarudishia fedha zao. Nikawaambia Jumamosi ijayo wafike saa nane, na wavue ndala nje.