Tangazo nililolipa alama nane

Jamani wadau, mwenzenu nipo, sijapotea. Najua niliahidi kuandika kila wiki, lakini si mnajua maisha ya chuo... semina tatu mfululizo, bando limekata, na foleni ya maji hosteli ndiyo usiseme. Leo nimejifungia nikasema hii stori ya nyumbani lazima niitoe, maana imenikaa rohoni tangu mwaka jana tulipokwenda mazoezi ya kufundisha.

Mnakumbuka nilipangiwa Bunda. Wengine mlinicheka, eti nimerudishwa kwetu Mara. Mimi nilifurahi kwa sababu Bunda anakaa mama mdogo, maana yake kulala bure, kula bure, kazi yangu kuosha vyombo na kupeleka mahindi mashine. Shule sitaitaja. Nikapewa Kidato cha Pili, Kiswahili, darasa limejaa mpaka wengine wanakaa dirishani.

Basi bwana, nikafika kwenye uandishi wa matangazo. Si tunafundishwa hapa chuo kwamba zana zitoke kwenye mazingira ya mwanafunzi? Nikawaambia kila mmoja aende ofisi ya mtaa, ya kata, zahanati, popote penye ubao wa matangazo, anakili tangazo moja kama lilivyo, halafu aliandike upya kwa lugha ambayo bibi yake ataielewa. Nilijiona nimeua! Msimamizi angekuja siku ile ningepata A bila ubishi.

Madaftari yakaja. Mle ndani nilikutana na chanjo ya mbwa, mnada wa ng'ombe, marufuku ya kuchunga kwenye chanzo cha maji, na mmoja aliyenakili tangazo la mganga wa kienyeji kutoka kwenye nguzo ya umeme (nilimpa nusu alama kwa ujasiri). Msichana mmoja wa dawati la nyuma alileta tangazo la mikopo ya halmashauri. Lilikuwa refu kweli, lina YAH:, lina "rejea kichwa cha habari hapo juu", lina vifungu vya sheria, na chini kabisa ndiyo tarehe ya mwisho: Ijumaa ya wiki ile ile. Yeye akaliandika upya kwa mistari mitatu. Akina mama wenye kikundi, hela ipo na haina riba, pelekeni maombi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya Ijumaa.

Nikampa 8 kwa 10. Nilimkata mbili kwa kusahau cheo cha mtoa tangazo. Nikaandika "Vizuri" kwa kalamu nyekundu, nikafunga daftari, nikaenda kuosha vyombo.

Sasa sikieni. Mama mdogo yuko kwenye kikundi. Wako saba, wananunua dagaa Musoma na kuwauza Bunda. Ule mkopo walikuwa wanausubiri kama mvua. Kwa wasioujua, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hilo liliwekwa kwenye sheria mwaka 2018. Aprili 2023 serikali ikausimamisha, baada ya ukaguzi wa CAG kuonyesha fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine ni hewa, halafu 2024 ukafunguliwa tena kwa kanuni mpya. Muda wote huo kikundi cha mama mdogo walikuwa wamekaa na katiba yao, akaunti yao ya benki na mihutasari ya vikao kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda. Walichokuwa wanangoja ni neno tu. Na lile neno lilikuwa mezani kwangu, nimelisahihisha.

Jumanne iliyofuata mama mdogo alirudi mapema, akakaa juu ya ndoo, hata kanga hakufungua.

"Eti tumechelewa. Wamefunga Ijumaa."

Mimi nina mwiko mkononi. Nilitaka kusema, mdomo ukagoma. Nikamuuliza kama kijinga, "Hawakutangaza?"

"Wanasema lilibandikwa wiki tatu."

Na kweli lilibandikwa, hakuna aliyedanganya. Kesho yake nilipita ile ofisi nikaenda kuuangalia ubao. Uko ndani ya baraza, umezibwa na wavu wa waya, karatasi zimepauka kwa jua, na juu ya lile tangazo walikuwa wameshapachika lingine, likabaki linachungulia kwa chini. Mama mdogo anapita barabara ile mara mbili kwa siku akiwa na beseni la dagaa kichwani. Jamani, mwenye beseni kichwani anaanzaje kuingia barazani akainue shingo asome ubao? Redio zipo, Bunda kuna Mazingira FM, Musoma kuna Victoria FM, lakini asubuhi wakati wa vipindi yeye yuko sokoni anagombania bei.

Sikumwambia usiku ule. Wala kesho yake. Jumamosi nikakimbilia Musoma kwa mama kama mtoto aliyevunja chungu. Huko nako gari la matangazo lilipita Mwigobero tukiwa mwaloni, spika inalia, injini za mitumbwi zinalia, mama akanasa maneno mawili tu: "kesho" na "saa mbili". Nini hicho cha kesho saa mbili, hakuna aliyejua! Tulicheka sana, lakini mimi kicheko kilikuwa cha juu juu.

Wiki iliyofuata nikaenda Butiama kwa bibi. Unashuka Makutano kwenye barabara ya Musoma, unapanda pikipiki, unafika umekuwa mwekundu kwa vumbi. Bibi hajui kusoma. Kabla sijanywa hata uji, mwenyekiti wa kitongoji akapiga hodi. Amesimama mlangoni, fimbo mkononi, akasalimia, akasema Alhamisi kuna mkutano wa kijiji, mapato na matumizi yatasomwa, na habari ya kisima itakuwepo. Bibi akamtwanga maswali. Kisima kipi? Kile kilichokufa au kipya? Fundi amelipwa? Mwenyekiti alijibu mawili, la tatu akasema, "Mama, hilo kaulize palepale." Akaenda nyumba ya pili. Nilihesabu nyumba nane kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba.

Nikabaki nimekodoa. Ubao wa Bunda nani angeuuliza kama fundi amelipwa?

Sisemi kijijini ni peponi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, lakini bibi anasema kuna mwaka walikaa mara moja tu, na mvua ikinyesha mwenyekiti naye haji. Ila akija, bibi anajua kinachoendelea kuliko mimi mwenye simu ya kugusa.

Na tukiwa hapo Butiama, alipozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, nikakumbuka ile somo ya mwaka wa kwanza. Ni yeye aliyezifuta serikali za mitaa mwaka 1972, zikarudi mijini 1978 na vijijini kwa sheria ya 1982, na mwenyewe 1984 akakiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Kwenye mtihani niliandika yote hayo nikapata B+, bila kuwaza hata kidogo kwamba kinachozungumzwa ni yule mzee mwenye fimbo mlangoni kwa bibi.

Halafu msiniambie haiwezekani mjini. Sensa ya Agosti 23, 2022 nani hakuijua? Ilikuwa kwenye redio, kwenye nyimbo, misikitini, makanisani, na karani akaja na kiongozi wa mtaa mpaka uani. Mpaka mama mdogo na beseni lake alihesabiwa, tukawa watu 61,741,120. Kumbe serikali ikitaka kuchukua habari zetu inajua milango ilipo! Katiba, ibara ya 18, inasema kila mtu ana haki ya *kupewa* taarifa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mtarajiwa, kitenzi hicho nakijua. Hakisemi akazitafute nyuma ya wavu.

Lakini na mimi nina wavu wangu. Nililala nalo lile jambo usiku kucha. Jumapili jioni nikarudi Bunda, nikampigia magoti mama mdogo, nikamwambia yote: daftari, alama nane, kalamu nyekundu.

Alinyamaza mpaka nikatamani anipige. Akauliza kitu kimoja tu.

"Huyo binti anakaa wapi?"

"Yupi, mama?"

"Huyo aliyeandika vizuri. Wewe hukusema, yeye angesema."

Iliniuma hiyo kuliko kibao. Nilimuonyesha. Kumbe binti mwenyewe kwao ni nyuma ya soko, na ile ofisi ya kata iko njiani kwake kwenda shule. Mama mdogo alikwenda kuongea na mama yake, wakaelewana: Jumatatu na Alhamisi binti anapita barazani, anasoma kilichobandikwa, jioni anakuja kukisema pale kwenye meza ya dagaa kwa ile lugha yake ya mistari mitatu. Ujira wake sado ya dagaa kila mwisho wa mwezi. Wauza nyanya walipogundua nao wakaanza kusogea kusikiliza.

Ile alama mbili nilimrudishia kabla sijamaliza mazoezi. Aliniambia "Asante madam", hakuuliza kwa nini.

Dirisha la mikopo lilipofunguliwa tena mimi nilikuwa nimesharudi huku chuo. Niliona tangazo kwenye simu, nikaruka kitandani, nikampigia mama mdogo saa hiyo hiyo, roho inadunda.

"Tumeshapeleka tangu Jumatatu," akasema. "Ulikuwa unasemaje?"

Majibu bado hayajatoka. Yakitoka nitawaambia. Ngoja nilale jamani, kesho kuna testi ya saa moja na sijagusa hata ukurasa.