Kumhijia Mke: Safari ya Mgane kwenda Makka, Zamani na Sasa

Hija ya badali ni Hija anayoifanya mtu kwa niaba ya mwingine aliyekufa kabla hajahiji, au aliye hai lakini amedhoofika hata hatarajiwi kuiweza safari. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, wanaosikika zaidi ni watoto wanaowahijia wazazi wao. Lakini ipo sura nyingine ya ibada hii isiyoandikwa sana, nayo ni ya mzee aliyefiwa na mkewe, akafunga safari ya kwenda kumhijia marehemu.

Msingi wake ni hadithi mashuhuri. Mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume, katika Hija ya kuaga, kuhusu baba yake aliyekuwa mzee asiyeweza kukaa imara juu ya mnyama, akaruhusiwa amhijie. Mwingine, wa kabila la Juhayna, aliuliza kuhusu mama yake aliyeweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla ya kuitimiza. Jibu alilopewa liliifananisha Hija hiyo na deni analolipiwa maiti. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea mwambaoni, wakalishika neno hilo la deni kwa uzito wake wote: aliyekuwa na uwezo wa kuhiji akafa bila kuhiji, gharama ya kumhijia hutolewa katika mali yake kabla ya mirathi kugawanywa, hata kama hakuacha wasia. Mume si lazima aende yeye. Anaweza kwenda mtoto, ndugu, hata mtu baki.

Kwa nini basi baadhi ya wazee huenda wenyewe? Sehemu ya jibu imo katika namna msiba ulivyopangwa. Mke akifiwa na mume hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na watu wote humjua kuwa yumo edani. Mume akifiwa hana eda. Matanga yakiisha hutarajiwa arudi kwenye shughuli zake, na hakuna wa kumlaumu akioa mwezi huohuo. Kwa kijana, uhuru huo huenda ukawa na faida. Kwa mzee wa miaka sabini na kitu, aliyeishi na mke mmoja tangu ujana, ni uhuru usio na pa kuushikia. Binti zake humletea chakula, wenzake humwita barazani, na hakosi wa kumnong'oneza kwamba atafute wa kumtazama. Kumhijia marehemu humpa jambo la kufanya, lenye maandalizi, siku zake na mwisho wake, na ambalo hakuna atakayeliita udhaifu.

Lipo sharti moja ambalo ndilo linaloipa safari hii uchungu wake. Mtume alimsikia mtu akiitikia talbiya, mwitikio wa mwenye kuingia Hija, kwa ajili ya mtu aitwaye Shubruma, akamuuliza kama yeye mwenyewe amekwisha kuhiji. Aliposema hajahiji, aliamrishwa ajihijie kwanza, kisha ndipo amhijie Shubruma. Kwa hiyo mgane anayestahili kumhijia mkewe ni yule ambaye alikwisha kwenda Makka zamani, na akaenda bila yeye.

Sababu za kumwacha zilikuwa nyingi na za kueleweka. Akiba ilitosha nauli ya mtu mmoja. Watoto walikuwa wadogo, au mama mkwe alikuwa kitandani. Suala la maharimu nalo lilikuwepo: mwanamke alitakiwa asafiri na mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumuoa, ingawa Washafi waliona kundi la wanawake waaminifu linatosha kwa Hija ya faradhi. Hivyo mume akaenda, mara nyingine kwa fedha ambazo ndani yake mlikuwa na upatu wa mke au bangili zake. Aliporudi alisomewa maulidi, akaanza kuitwa Alhaji, na mke akabaki kuwa mke wa Alhaji. Walikubaliana kwamba zamu yake itakuja. Katika nyumba nyingi zamu hiyo ilisogezwa mbele kwa ada za shule, harusi na paa la nyumba, hata maradhi yakaitangulia.

Hija ya kwanza na ya pili za mzee wa namna hii zinaweza kuachana kwa nusu karne, na safari yenyewe imebadilika kiasi kwamba ni jina tu linaloziunganisha. Zamani za mbali zaidi, za babu zake, njia ilikuwa bahari. Jahazi lilipanda kaskazini kwa pepo za kusi na kushuka kwa kaskazi, lakini kalenda ya Hija haifuati pepo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Hija huzunguka misimu yote kwa muda wa takriban miaka 33. Kuna miaka ambayo kusi iliwafikisha mahujaji karibu na wakati wake, na kuna miaka waliyolazimika kuondoka miezi mingi mapema na kungoja katika bandari za Arabuni. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na kuanzia 1872 meli za kampuni ya British India zikaiunganisha Unguja na Aden, hivyo safari ikaacha kutegemea pepo. Badala yake ikaja karantini. Waturuki walianzisha kituo katika kisiwa cha Kamaran, kwenye Bahari ya Shamu, mwaka 1882, na mahujaji waliotoka kusini walishushwa hapo kukaguliwa na kufukizwa nguo kabla ya kuruhusiwa kwenda Jidda. Kutoka Jidda hadi Makka, masafa ya kilomita zipatazo 80, walikwenda kwa ngamia.

Msafiri wa siku hizo aliaga kama anayekwenda kufa. Alilipa madeni, akaandika wasia, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kumhijia mtu kwa njia hiyo kulikuwa ni kumtolea miezi ya uhai na hatari ya mwili. Desturi ya kuombana radhi ingalipo, na inafaa iwepo, lakini hatari iliyoizaa imekwisha kubadilika.

Ndege ndiyo iliyoikata safari. Jengo la mahujaji la uwanja wa ndege wa Jidda, lenye mapaa mfano wa mahema, lilifunguliwa 1981, na tangu hapo aliyeondoka Dar es Salaam, Mombasa au Unguja huweza kufika ndani ya siku moja. Mikati ya Yalamlam (mpaka wa kuingia ihramu, hali ya Hija), ambayo mahujaji wa melini waliingojea kwa saa nyingi wakiwa wamekwisha koga, siku hizi hutangazwa na rubani na kupitwa kwa dakika chache. Hapo ndipo mgane anapotakiwa kutia nia kwa ajili ya mkewe. Hutaja katika talbiya yake kwamba Hija hii ni ya fulani binti fulani. Asipotamka, nia ya moyoni inatosha, lakini ni mzee gani asiyetamka?

Makka anayoikuta si ile aliyoiacha. Waliomtangulia, waliohiji kabla ya upanuzi wa msikiti ulioanza 1955, waliikuta njia ya baina ya Safa na Marwa ikiwa mtaa wa soko, wenye maduka kandokando na wapita njia wanaokatiza mbele ya mwenye kusai. Sasa ni ukumbi wa ghorofa kadhaa wenye viyoyozi, na safari saba zake, ambazo kwa jumla hukaribia au kupita kidogo kilomita tatu, huweza kumalizwa kwenye kiti cha magurudumu. Mina nayo ilikuwa mahema ya nguo hadi moto wa 1997 ulipoua watu 343, ndipo yakasimamishwa mahema yasiyoshika moto. Minara mitatu inayopigwa mawe iligeuzwa kuta ndefu mwaka 2004. Msongamano wa 2006 uliua zaidi ya watu 340 karibu na daraja la minara hiyo, na daraja jipya la ghorofa nyingi likakamilika 2009. Treni ya baina ya Mina, Muzdalifa na Arafa ilianza 2010. Kwa mwenye magoti mabovu haya si mambo madogo, na mwandishi anayelilia Makka ya zamani angefaa kwanza awaulize wazee.

Ila milango mingine imebana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kila nchi ina kiwango chake, kinachokadiriwa kuwa hujaji mmoja kwa kila Waislamu elfu moja. Bei ya safari, inayolipwa kwa taasisi na vikundi vya Hija, imepanda kupita kipato cha wengi. Umri wenyewe uliwahi kuwa kizuizi. Baada ya miaka miwili ya korona, Hija ya 2022 ilifunguliwa kwa watu milioni moja walio chini ya miaka 65 tu, hata mzee aliyekuwa ameweka akiba kwa ajili ya marehemu akaambiwa angoje. Sharti hilo liliondolewa 2023. Mwaka uliofuata joto la Makka lilipita nyuzi 51, na mahujaji zaidi ya 1,300 wakafa, wengi wao wakiwa hawana vibali wala kivuli cha kujistiri. Sasa mzunguko wa mwezi unaisogeza Hija kuelekea miezi ya ubaridi, jambo litakalowafaa wazee kwa miaka kadhaa.

Badiliko lililoigusa Hija ya badali yenyewe kwa undani ni urahisi wa kumlipa mtu. Washafi wanaona inatosha mwakilishi aanzie kwenye mikati, wakati Mahanbali wanataka aanzie katika mji wa marehemu. Kwa kauli ya kwanza, mkaazi wa Saudia anaweza kufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya gharama ya msafiri wa Tanga au Lamu, na matangazo ya huduma hiyo sasa hupita katika makundi ya simu kila mwaka. Sheria haina ugomvi nayo, alimradi mwakilishi awe amekwisha jihijia na abebe jina moja tu kwa mwaka. Anayepokea fedha za familia kumi kwa msimu mmoja anauza kitu asichokuwa nacho. Hata panapokuwa na uaminifu, mgane aliyelipa hupokea ujumbe na labda video fupi. Deni limelipwa, lakini ile kazi aliyoihitaji imefanywa na mtu mwingine.

Watoto, ambao kwa kawaida ndio wangetarajiwa kumhijia mama, mara nyingi hawana sifa. Bei imewazuia kuhiji wenyewe, na asiyejihijia hamhijii mwingine. Nyumba inaweza kuwa na vijana wanne wenye nguvu na mzee mmoja mwenye mkongojo, na mkongojo ndio wenye sifa, kwa sababu ulisafiri wakati nauli ilipokuwa inafikika. Kwa vizazi vijavyo hali huenda ikawa tofauti, kwani tangu 2021 Saudia inawaruhusu wanawake kujiandikisha bila maharimu, na wake wengi zaidi hawatangoja zamu.

Kwa sasa, familia zenye uwezo huafikiana kumpeleka mzee pamoja na mtoto mmoja. Wanaingia ihramu katika ndege moja kwa nia mbili: mtoto anajihijia, baba anamhijia mama. Katika tawafu mtoto husukuma kiti na kuhesabu mizunguko kwa sauti, maana wazee husahau hesabu na hawapendi kuulizwa. Arafa, siku ya tisa ya Mfungo Tatu, mzee lazima awepo kwa mwili wake, kwa sababu kusimama hapo hakuna wa kumwakilisha. Kurusha vijiwe kuna ruhusa. Baba akishindwa kufika, mtoto hurusha kwanza saba vyake, kisha saba alivyoagizwa na baba, na hivyo huandikwa kwa mama.