Dele la Kahawa na Farasi wa Ami

Jamaa zangu, mjukuu wangu aliniuliza juzi kwa nini siangalii mbio za farasi, na hali wazee wetu walikuwa watu wa farasi. Nilimjibu kwa mzaha. Leo namjibu kwa kweli.

Mwaka wa pili tangu kurudi kwetu Oman kutoka Unguja, ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na farasi jike mwekundu akishindana naye siku za Idi. Asubuhi moja alinituma nimletee dele la kahawa. Nilidhani ni ya wageni. Akaipoza, akaitia chupani, nami nikashika hatamu huku yeye akimnywesha farasi. Farasi alishinda, wanawake wakapiga vigelegele. Lakini hadi Magharibi miguu yake ilikuwa ikitetemeka na jasho likimtiririka. Nilipoulizwa ana nini, nilisema: ni joto.

Kafeini iliyomo katika kahawa ni miongoni mwa vichangamsho vilivyokatazwa katika mbio hizo. Huuchochea moyo na kumfanya mnyama asihisi uchovu wake. Na farasi hana ulimi mwingine wa kutuambia "basi" ila uchovu huo.

Niliyakumbuka hayo niliposoma habari za X Y Jet, farasi wa Marekani aliyeshinda Dubai Golden Shaheen Machi 2019, hapa kwa jirani zetu. Januari 2020 alikufa, na mkufunzi wake, Jorge Navarro, akatangaza kuwa ni moyo. Miezi miwili baadaye Navarro alikamatwa. Alikiri kosa la njama ya kuwapa farasi madawa yaliyokatazwa, X Y Jet akiwamo, na Desemba 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 5.

Yeye alisema moyo; mimi nilisema joto.

Wanazuoni wetu wameruhusu mashindano ya farasi, ngamia na mishale, lakini hawakuruhusu ghushi wala kumdhulumu mnyama. Hayo nilikwisha kuyasoma chuoni kabla ya siku ile. Ami alikuwa mkarimu, na wengi wetu tulikula kwake, simwandikii aibu. Naiandika yangu, kwani hatamu ilikuwa mkononi mwangu.

Basi, mjukuu wangu, penda farasi, ni urithi wako. Ila siku ukimwona anatetemeka, nawe wajua sababu, iseme.

Wassalaam.