Kumshika Kila Saa si Kumsaidia



Leo hatuna picha za magauni. Juzi bi harusi mmoja alikuja kupima shela hapa kwetu, akatuuliza, "Hivi shemegi yenu alipona vipi?" Wateja walikuwa wengi, tukamjibu kwa ufupi. Usiku tukaona haifai kunyamaza, maana Pemba hii si nyumba moja wala mbili zenye mtu aliyeanguka mkarafuu.

Mdogo wetu alikuwa na miezi minne tu ya ndoa. Shela yake tuliishona wenyewe. Msimu wa karafuu ulipoingia, mumewe akapanda kama wanaume wenzake. Tawi la mkarafuu huwezi kuliamini, hukatika ghafla. Alianguka, akapiga kichwa. Tulipanda meli Mkoani hadi Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako tangu mwaka 2014 kuna jengo la upasuaji wa ubongo. Alhamdulillah, alirudi nyumbani hai, anatujua sote kwa majina.

Tukadhani yamekwisha. Kumbe akiinama kuvaa ndara, anayumba. Akigeuza kichwa kumuitikia mtu, anaona ukuta unazunguka. Usiku mmoja alikwenda chooni, sakafu ina maji, akaanguka tena. Alichanika juu ya jicho tu, lakini daktari alituonya kwamba kichwa kilichoumia kikigongwa tena kabla hakijapona, madhara yanaweza kuwa makubwa zaidi.

Hapo tukamfanya yai. Mdogo wetu hakumwachia mkono, akitaka maji analetewa, akitaka kuinuka anainuliwa. Baada ya wiki chache miguu ikazidi kuwa dhaifu na woga ukazidi. Siku moja akamwambia mkewe, "Nilikuoa nikutunze, sasa nimekuwa mtoto wako." Mdogo wetu alikuja kulilia hapa, kichwa juu ya charahani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetufumbua macho. Alisema mtu husimama kwa msaada wa vitu vitatu: macho, sehemu ya ndani ya sikio, na hisia za nyayo na viungo. Ubongo ukiumia, habari za hivyo vitatu hazipatani. Ubongo hujifunza tena kuzipatanisha kwa kufanyishwa mazoezi kidogo kidogo. "Mkimshika kila saa," alisema, "mnasimama nyinyi, hasimami yeye."

Baada ya kumpima, alimpangia hivi. Asimame kwenye pembe ya chumba, mgongo karibu na ukuta, kiti kizito mbele yake. Kwanza miguu imeachana kidogo, halafu imebanwa pamoja, halafu mguu mmoja mbele ya mwengine, kisigino kikigusa vidole. Sekunde 10, akizoea 30. Akiweza, ageuze kichwa taratibu kulia na kushoto. Baadaye sana ndipo afumbe macho, na baadaye zaidi asimame juu ya godoro lililokunjwa. Kila siku ainuke kitini na kukaa mara 10 bila kujivuta kwa mikono. Mwisho, atembee huku akihesabu kwa kurudi nyuma, kwa sababu nje mtu hutembea huku akizungumza.

Kazi ya mdogo wetu ilikuwa kusimama karibu kiasi cha kumdaka, bila kumgusa. Alituambia hilo lilikuwa gumu kuliko kumbeba. Somo wake alimfundisha mengi kabla ya harusi, ila hakuna aliyemfundisha kutazama mume akiyumba na yeye akazuia mikono yake.

Nasi tulitengeneza nyumba. Tuliondoa mikeka inayoteleza mlangoni, tukaweka taa ya usiku, tukafunga chuma cha kushikia chooni, na sakafu tukawa tunaikausha. Ndara tulibadilisha kwa viatu vyenye mkanda wa nyuma. Kanzu zake tulizipandisha inchi mbili asizikanyage.

Kilichomuumiza zaidi ni kuswali kitini. Ustadhi alimkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alimfundisha Imran bin Huswein aswali kwa kusimama, asipoweza akae, na asipoweza alale ubavu. Ruhusa hiyo ni rehema, si aibu. Akaacha kujilazimisha, akawa anaendelea na mazoezi yake pembeni.

Ilichukua miezi. Siku nyengine alirudi nyuma, hasa akikosa usingizi. Mkarafuu hapandi tena na hatutamruhusu. Lakini Ramadhani iliyopita alikwenda msikitini kwa fimbo yake, mkewe akabaki mlangoni akimtazama mpaka akakata kona.

Dada, kama una mgonjwa kama huyu, usianze mazoezi kwa kusoma hapa tu. Mpeleke kwanza apimwe, na uulize kama dawa anazotumia zinaleta kizunguzungu. Usizikate mwenyewe. Akiumwa kichwa kwa ukali, akitapika mara kwa mara, akilala bila kuamshika, akipata degedege au upande mmoja ukilegea, mkimbize hospitali.

Na wewe bi harusi uliyetuuliza, hili ndilo jibu letu kamili. Shela yako iko tayari Alkhamisi, inshaallah. Allah awape afya nyinyi na waume zenu. Amin.