Baiskeli Katika Giza la Copenhagen

Kiswahili kinalo neno kipupwe, na sisi watu wa pwani tukilisikia hukumbuka shuka ya kujifunika alfajiri ya mwezi wa Julai. Neno hilo halitoshi huku. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ambako ninaishi na kufanya kazi ya kutunza wazee, majira ya baridi si ubaridi tu, ni giza. Katikati ya Desemba jua huchomoza kiasi cha saa mbili na nusu asubuhi na kuchwa saa tisa na dakika arobaini hivi alasiri. Saa zetu za Kiswahili, zilizojengwa juu ya mchana na usiku vinavyolingana, hupoteza maana yake kabisa. Adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya muda wa saa tatu na nusu, na mwenye kazi ya zamu hana budi kujua mapema ataswali wapi.

Ndani ya giza hilo watu hupanda baiskeli. Si maskini pekee wala si vijana pekee. Utamwona daktari, fundi bomba, mama mjamzito na mzee wa makamo mwenye koti la sufu, wote katika msafara mmoja. Mji huu una baiskeli nyingi kuliko magari. Barabara ya Nørrebrogade, ambayo pembeni mwake wanaishi Waislamu wengi kutoka nchi mbalimbali, hupitwa na makumi ya maelfu ya wapanda baiskeli kwa siku. Hawapiti katikati ya magari. Wana njia yao, iliyoinuliwa kidogo kuliko barabara na kushushwa kidogo kuliko njia ya waendao kwa miguu. Asubuhi taa za makutano ya barabara hiyo zimepangwa ili anayekwenda kilomita 20 kwa saa kuelekea mjini azikute za kijani moja baada ya nyingine. Mtu aliyezoea kusukuma baiskeli katika kivuko cha Likoni, akipigiwa honi mbele na nyuma, atadhani anasimuliwa hadithi.

Njia hiyo ina adabu zake. Mwendo ni wa upande wa kulia, kinyume cha kwetu, na anayetaka kumpita mwenzake hupitia kushoto. Ukitaka kusimama unainua mkono, la sivyo walio nyuma watakuvaa. Kugeuka kushoto hakufanywi kwa mkato: unavuka moja kwa moja hadi kona ya pili, unasimama hapo, unangoja, ndipo unavuka tena. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima tangu jua lizame hadi lichomoze. Basi mwezi wa Desemba mimi huziwasha ninapokwenda kazini na huziwasha tena ninaporudi.

Akina mama wenzangu huniuliza kwanza juu ya mavazi, na wana haki. Buibui refu na mnyororo haviivani. Zipo baiskeli za kike zenye kifuniko kamili cha mnyororo na wavu juu ya gurudumu la nyuma, na hizo ndizo za kununua, hata kama ni kuukuu. Chini mimi huvaa suruali pana ya kuzuia mvua, juu koti linalofika magotini, na ushungi nauvaa wa kitambaa cha kuvutika ili kofia ikae sawasawa. Stara haipungui. Kinachosumbua ni vidole. Glavu moja haitoshi, na upepo utokao baharini hutoa machozi mpaka mpita njia akadhani umefiwa.

Theluji yenyewe si adui mkubwa, na hapa haikai sana. Halmashauri huiondoa mapema katika njia kuu za baiskeli na kumwaga chumvi, ambayo hula mnyororo usipooshwa na kutiwa mafuta. Hatari ni siku ambazo barafu huyeyuka mchana na kuganda tena usiku, nyembamba, isiyoonekana. Siku hizo hupunguza upepo kidogo katika matairi, nikaacha breki ya mbele, na nisikate kona ghafla. Mwenzangu mmoja wa kazini, mwenyeji aliyepanda baiskeli tangu utotoni, aliteleza Januari iliyopita akavunjika kifundo cha mkono. Asubuhi kama hizo nauli ya basi si israfu.

Mama yangu aliye Mombasa mwanzo alinipigia simu kwa jambo jingine. "Mwanangu, mtu mzima na watoto wake, juu ya baiskeli! Hawakucheki?" Nilimjibu kwa heshima kwamba zamu yangu huanza saa moja asubuhi, kwamba kadi ya basi ya mwezi ni ghali, na kwamba huku wa kuchekwa ni yule aliyekwama katika foleni. Alinyamaza. Siku hizi haulizi tena habari ya kuchekwa. Anauliza habari ya malori.

Hapo amegusa penyewe. Lori linalogeuka kulia hukata njia ya mpanda baiskeli anayekwenda moja kwa moja, na dereva aliye juu huenda asimwone aliye ubavuni mwake. Watu wamekufa hivyo katika mji huu pamoja na njia zake zote nzuri. Katika makutano mengi mstari wa magari umerudishwa nyuma mita kadhaa ili baiskeli zisimame mbele na kuonekana, lakini mstari hauzuii lori. Mimi nikiliona lori limewasha taa ya kulia, husimama, hata kama haki ya kupita ni yangu.

Binti yangu ametimiza miaka saba. Sheria ya hapa inamruhusu mtoto wa miaka sita kupanda baiskeli barabarani bila mtu mzima, na wenzake wa darasani wanaanza kwenda shule peke yao. Naye anataka. Baba yake amesema angoje Machi, giza lipungue. Nimeikubali Machi, kwa sharti kwamba mwezi wa kwanza nitakuwa nyuma yake, na yale makutano yaliyo karibu na bandari, penye malori, atateremka ayavuke kwa miguu. Bibi yake amesikia habari hiyo. Bado hajapiga simu.