Simba Alipoingia Daftarini

Katika Kiswere ya utoto wangu, habari ya simba haikuwa na tarehe. Ilikuwa na mtu wa kulaumiwa. Mkulima akikuta nyayo kando ya shamba lake la ufuta, swali la kwanza barazani lilikuwa nani ana ugomvi na nani, na si zile nyayo zimeelekea wapi. Kabla ya magharibi jina lilikuwa limeshatajwa, mara nyingi la mzee asiye na mtoto wa kumsemea, au la mjane anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji. Baada ya wiki chache simba alisahauliwa. Jina lile lilibaki.

Nimeishi nikaiona hali hiyo ikibadilika, na kwa sehemu kubwa kilichoibadilisha ni kazi ndogo isiyo na mshahara: watu wa kawaida kuandika wanyama waliowaona.

Kiswere iko kwenye ghuba, kusini mwa Kilwa Masoko, upande wa kuelekea Lindi. Mbele yetu kuna bahari na mikoko. Nyuma kuna vichaka, mashamba na misitu ya pwani kama Pindiro. Mtu wa kwetu ni mvuvi na mkulima kwa pamoja. Mazao yakianza kukomaa, familia huhamia shamba na kulala kwenye dungu kulinda mtama, mahindi na mihogo dhidi ya nguruwe pori. Usiku kucha watu hupiga madebe na kuchochea moto. Nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na kati yao amelala mtu nyuma ya ukuta wa makuti.

Miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 ndiyo tuliyoishi kwa hofu kubwa zaidi. Watafiti walipokuja kujumlisha, walikuta kwamba kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliwaua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kuwajeruhi zaidi ya 300, na kwamba maeneo yaliyoumia sana yalikuwa ya huku kwetu kusini mashariki, kuanzia Rufiji hadi Lindi na Mtwara. Rufiji simba mmoja alihusishwa na vifo vya watu zaidi ya 30 kabla hajauawa mwaka 2004. Siku hizo habari zilitembea taratibu. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, tulivuka kwa kivuko, na masika barabara ya kusini ilikatika. Tulikuwa tukisikia kifo cha kijiji cha tatu kama tetesi, bila siku wala mahali, na kila msimuliaji aliongeza la kwake.

Hapo ndipo palipoota imani ya simba wa kutumwa kwa uchawi. Sitaidharau. Watu walioiamini walikuwa wazazi wetu, na walikuwa wakitafuta maana ya msiba usioeleweka: kwa nini simba apite nyumba tatu aingie ya nne? Lakini imani hiyo ilikuwa na gharama. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe nchini Msumbiji, simba waliua makumi ya watu mwaka 2002 na 2003, na watu wengine walioshukiwa kuwatengeneza simba hao wakauawa na majirani zao. Kwetu mambo hayakufika huko, ila nilikuwa mtoto mwenye akili ya kutosha kuona bibi mmoja wa mtaani akikosa wa kumtekea maji, na watoto tukikatazwa kupita mbele ya mlango wake. Hakuna aliyekuwa na neno la kumtetea, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jambo lolote la hakika kuhusu simba mwenyewe.

Baadaye niliposoma na kuwa mwalimu, nilitaka kujua ile hesabu ya vifo ilitoka wapi. Ilichapishwa mwaka 2005 na Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, na msingi wake ulikuwa taarifa za mashambulizi zilizokusanywa kutoka wilayani na vijijini. Nyuma ya kila tarakimu kulikuwa na mtu aliyeshika kalamu siku ya msiba akaandika jina la marehemu, tarehe na mahali. Kutokana na maandishi hayo ilionekana kwamba mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, kati ya Machi na Mei, na kwamba nguruwe pori ndio waliokuwa wakimvuta simba hadi mashambani. Yale tuliyoyatafutia mchawi yalikuwa na majira.

Matokeo ya pili yalinigusa zaidi kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani. Mwaka 2011 Packer na wenzake walizilinganisha tarehe na saa za mamia ya mashambulizi ya kusini mashariki na hesabu ya mwezi. Wakaona kwamba mengi yalitokea kati ya machweo na saa nne usiku, na kwamba katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, hatari ya saa hizo za mwanzo wa usiku ilikuwa mara mbili hadi nne ya ile ya siku kumi zinazoutangulia. Sababu yake ni nyepesi. Katika usiku wa mbalamwezi simba hukosa mawindo kwa kuwa wanyama wanamwona. Mwezi unapoanza kuchelewa kuchomoza, jua huzama na kuacha kiza kabla mwezi haujatoka, na simba mwenye njaa hutumia saa hizo. Mvuvi wa Kiswere anayehesabu bamvua na maji mafu hahitaji kufundishwa hesabu hii. Ukimwambia kwamba kuanzia tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu asimwache mtoto kwenda chooni peke yake baada ya magharibi, anakuelewa papo hapo. Kilichokosekana kwa miaka yote hiyo ni tarehe za misiba kuandikwa mahali pamoja, ili mtu aziweke kando ya mwezi azitazame.

Nikiwa masomoni Arusha nilisikia kwamba Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, ilikuwa ikipokea taarifa za wanyama walao nyama kutoka kwa yeyote aliyewaona: askari wa hifadhi, madereva wa watalii, wawindaji, wanakijiji. Kazi hiyo ilianza mwaka 2002 kwa duma, kisha ikapanuliwa kwa wanyama wote walao nyama, simba hadi nguchiro. Kila taarifa ilikuwa nukta kwenye ramani ya nchi, na kwa ramani hizo ukatengenezwa mpango wa taifa wa kuwahifadhi wanyama walao nyama, uliotolewa mwaka 2009. Nilipoangalia ramani za namna hiyo niliona nukta zimejazana kaskazini, wanakopita watalii, na pwani ya kusini pakiwa na nukta za kuhesabika. Sisi tuliokuwa tukilala na simba nje ya ukuta hatukuwemo.

Niliporudi nyumbani nilinunua daftari kubwa la kaunta, nikalichora safu: tarehe, saa, mahali, mnyama, idadi, aliyeona, na namna alivyojua, kwa macho, kwa nyayo, kwa sauti au kwa kinyesi. Nilianza na mjomba wangu, mlinzi wa shamba la mikorosho. Wakafuata wavuvi wawili wanaopita mikokoni alfajiri, mama mmoja mkata ukindu, na vijana wa kamati ya maliasili ambao tayari huupita msitu kwenye doria. Hakuna aliyelipwa. Wasioandika walinisimulia nami nikaandika, kisha nikawasomea nilichoandika wakasahihisha.

Ugumu wa kwanza ulikuja kwa mzee ambaye sote tulimwita Babu. Nilipomwamkia akaitikia, akaomba kuliona daftari, akapitisha kidole kwenye safu moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, huyu simba ukimwandika," akauliza, "aliyemtuma utamwandika safu gani?"

"Babu, mimi nitaandika alikotoka na alikoelekea," nikamjibu. "Safu ya aliyemtuma sina."

Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi mtasumbuka." Lakini hakunikataza, na kwa mtu wa hadhi yake hiyo ilikuwa ruhusa.

Kuandika kulitufundisha kutazama. Fisi hawezi kuficha kucha zake, hivyo unyayo wake huacha alama za kucha ardhini. Chui na simba huzikunja. Unyayo wa simba mkubwa ni mpana kuliko wa chui, na rula ya shule inatosha kumaliza ubishi. Mengi yaliyoitwa chui usiku, kwa macho yaliyong'aa kwenye tochi na kuku walioliwa, yalikuwa fungo au kanu. Tukakubaliana kwamba asiye na hakika aandike "sijui". Tulipofika mahali pa mtu mzima kuandika "sijui" bila kuona haya, nilijua daftari limeshika.

Jaribio lenyewe lilikuja msimu mmoja wa kiangazi, mbuzi wa jirani yetu walipovamiwa zizini. Asubuhi minong'ono ilikuwa imeshaanza, na safari hii ilimwelekea mama mmoja aliyekuwa amegombana na mwenye mbuzi kuhusu mpaka wa shamba. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano chini ya mwembe. Kabla watu hawajakusanyika, mjomba na vijana wawili walikwenda zizini na rula. Walikuta nyayo zenye alama za kucha. Nikafungua daftari nikasoma mbele ya wote: fisi alisikika mara kadhaa mwezi ule upande wa machinjio, mifupa ilipokuwa ikitupwa bila kufukiwa, kisha akaonekana karibu zaidi, kisha karibu zaidi tena. Kila taarifa ilikuwa na jina la aliyeona, na wote walikuwepo pale, kila mmoja akasimama kuthibitisha ya kwake.

Mkutano ule ulimalizika kwa maamuzi mawili: mifupa ifukiwe, na zizi liongezwe miiba. Hakuna aliyemtaja yule mama. Alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wenzake, na mkutano ulipovunjika mwenye mbuzi alimpita akamsalimia. Sisemi kwamba imani ya kale iliisha siku hiyo. Nasema kwamba kwa mara ya kwanza niliona lawama ikitafuta pa kukaa ikakuta kiti kimeshakaliwa.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Lami ya barabara ya Lindi ilipokamilika, mabasi yakaanza kupita usiku kwa kasi, na daftari likapata safu mpya ya wanyama waliogongwa; fungo na kanu ndio wengi. Simu zenye kamera zilipoenea, vijana wakaanza kupiga picha ya unyayo na rula kando yake, na simu ikahifadhi mahali penyewe. Simba wanaandikwa mara chache kuliko zamani. Tuliandika pia doria ambazo hazikuona kitu, kwa sababu mnyama anayetoweka hatoi taarifa. Anayemtafuta bila kumwona ndiye anayeitoa. Kwingine pia kazi kama hii inafanyika. Huko Ruaha, mradi ulioanzishwa na Amy Dickman mwaka 2009 umevipa vijiji kamera za mitegoni, na kila mnyama anayepigwa picha huleta alama zinazogeuzwa dawa, vitabu na tiba ya mifugo. Amboseli nchini Kenya, tangu 2007, vijana wa Kimaasai ambao jadi yao ilikuwa kumuua simba wanalipwa kumfuatilia na kuwaonya wachungaji. Kwetu Kilwa vijiji vimeshaonyesha kwamba vinaweza kazi ya namna hii: mwaka 2009 misitu inayosimamiwa na wanakijiji hapa, kwa msaada wa shirika la uhifadhi la MCDI la Kilwa Masoko, ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na mpingo wake ukauzwa kwa faida ya kijiji. Kamati inayoweza kuhesabu miti inaweza kuhesabu nyayo.

Ninaloliomba sasa ni kwamba taarifa zirudi zilikotoka. Kwa miaka mingi mwanakijiji ametoa habari, zikapanda hadi mjini, zikawa ramani na makala katika lugha asiyoisoma. Ile hesabu ya mwezi ilitoka kwenye misiba ya watu wa kusini. Ilipaswa kubandikwa kwenye ofisi ya kila kijiji kuanzia Rufiji hadi Ruvuma, kwa Kiswahili, na tarehe za hatari zikiwa zimezungushiwa duara kabla ya msimu wa madungu. Kila kata ingeweza kuwa na daftari moja, rula moja, na mtu mmoja anayetambuliwa na mtendaji, ambaye akileta taarifa anapewa majibu. Gharama yake haifiki bei ya mbuzi mmoja.

Wapo wanaodhani kwamba kuandika simba ni kumpendelea simba dhidi ya mtu. Mimi nimezaliwa kwenye dungu, nimezika jamaa, na nasema kinyume chake. Simba asiyeandikwa huwindwa kwa kisasi, na wanaokufa ni wasiokuwa na hatia, wanyama kwa watu. Simba aliyeandikwa anajulikana anapita wapi, saa ngapi na kwa sababu gani. Mkulima anaweza kuhamisha dungu lake, mama anaweza kuteka maji mapema, na mzee anayeishi peke yake pembezoni anaweza kulala bila kuogopa majirani zake.